Neno "Marekebisho" katika Fomu za Bima ya Pikipiki

Miongoni mwa maneno yanayopita mikononi mwa wananchi wengi bila ya kuchunguzwa ni yale yaliyomo katika fomu za maombi ya bima ya vyombo vya moto. Fomu hizo zilizoeleka kwa Kiingereza kwa muda mrefu. Sasa nyingine zimetafsiriwa, na jambo hilo lapasa kushukuriwa. Lakini tafsiri ya fomu ya bima si sawa na tafsiri ya tangazo. Jibu lililoandikwa katika fomu hugeuka kuwa sehemu ya mkataba, na siku ya ajali mwombaji hupimwa kwa jibu hilo. Katika makala haya nakusudia kulihakiki neno moja, yaani marekebisho, na kuyagusa mengine machache yanayoandamana nalo. Mfano wangu nauchukua kwenye pikipiki iliyokwisha kutumika, iliyofungwa vifaa ambavyo haikuja navyo, kwa sababu hapo ndipo udhaifu wa neno hili unapojionyesha waziwazi. Na ili tusizungumze hewani, tuiweke pikipiki hiyo Kigonsera.

Kigonsera ipo katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, kwenye barabara itokayo Songea kwenda Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Misheni ya Wabenediktini ilianzishwa hapo mwaka 1899, na shule yake imejulikana nchini kwa miaka mingi. Barabara kuu siku hizi ni ya lami. Lakini kahawa na mahindi havioti kando ya lami. Vyaota milimani, katika nchi ambayo Wamatengo wameilima kwa mashimo ya ngoro kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa mteremko ni mkali na mvua ingeuchukua udongo wote. Mtu akitaka kushusha gunia la kahawa kutoka huko, au kumpeleka mgonjwa zahanati, hutafuta pikipiki.

Pikipiki inayofanya kazi hiyo haibaki kama ilivyotoka dukani. Mwenyewe humwendea fundi akafungiwa keria ya chuma iwezayo kubeba gunia, na gadi ya mbele ya kuzuia miguu isiumie inapoanguka. Shokapu za nyuma huondolewa zikawekwa nyingine zenye springi ngumu zaidi. Gurudumu la meno la nyuma, ambalo mafundi huliita sproketi, hubadilishwa kwa jingine lenye meno mengi zaidi, ili pikipiki ipate nguvu ya kupanda mlima, ijapokuwa itapungukiwa na mbio kwenye tambarare. Pengine injini imeshushwa, silinda ikatanuliwa kidogo kwa sababu imelika, na pistoni yenye kipimo kikubwa zaidi ikatiwa. Kisha hununuliwa kiti kirefu, taa za nyongeza, na vioo vya pembeni badala ya vile vilivyovunjika. Baada ya miaka mitatu au minne pikipiki huuzwa. Mnunuzi wa pili huipokea jinsi ilivyo, bila ya kujua lipi lilikuwapo tangu mwanzo na lipi liliongezwa.

Yafaa tusikilize vitenzi ambavyo mafundi wenyewe huvitumia katika kazi hizo, kwa sababu vimepangwa kwa uangalifu kuliko vilivyopangwa katika fomu. Keria hufungwa. Shokapu hubadilishwa. Injini hushushwa. Silinda hutanuliwa. Breki na mnyororo, ambao wao huuita cheni, hurekebishwa. Yaani breki iliyolegea hukazwa na cheni iliyoning'inia huvutwa, ili kila kimoja kirudi katika hali yake. Karakana nzima ya vijijini, ambayo mara nyingi si zaidi ya mwembe na boksi la spana, haichanganyi kurekebisha na kugeuza. Fundi asemaye amekirekebisha kitu ana maana kwamba amekirudisha sawa.

Sasa tuitazame fomu. Swali linaloulizwa, kwa namna hii au ile, ni kama chombo kinachoombewa bima kimefanyiwa marekebisho yoyote. Mwandishi wa asili, kwa lugha yake, alitaka kujua kama chombo kimegeuzwa kikatofautiana na jinsi mtengenezaji alivyokiunda, maana kila tofauti ya namna hiyo yaweza kuongeza hatari au kubadili thamani. Mfasiri alipofika hapo akachukua neno lililokuwa karibu. Ni neno zuri, lenye heshima, limezoeleka Bungeni na magazetini. Hata sheria iliyokipa Kiswahili nafasi yake katika utungaji wa sheria na uendeshaji wa mahakama inaitwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 1 ya mwaka 2021. Katika matumizi hayo neno halina kosa: sheria hurekebishwa kwa kuwa ina upungufu, nao upungufu huondolewa.

Ila kilichofanyiwa pikipiki ya Kigonsera si kuondoa upungufu wa namna hiyo. Ni kuipa umbo na tabia ambayo haikuwa nayo. Mwenye pikipiki akiulizwa kama imefanyiwa marekebisho, aweza kujibu kwa njia mbili, na zote mbili ni za kweli. Aweza kuandika "ndiyo", kwa kuwa juzi tu breki zilikazwa. Jibu hilo halimsaidii yeye wala kampuni. Au aweza kuandika "hapana", kwa kuwa pikipiki yake ni nzima, haijaharibika, haina cha kurekebishwa. Na sproketi, keria na shokapu hazikumjia hata akilini, kwa sababu hazihusiani na neno aliloulizwa. Jibu hili la pili ndilo la hatari. Limetolewa kwa moyo mweupe, lakini mbele ya mkaguzi wa madai litasomeka kuwa uficho.

Uzito wa jambo hili hautaeleweka bila ya kukumbuka kanuni ambayo bima yote ya asili ya Kiingereza imesimama juu yake, nasi tumeirithi. Anayeomba bima hudaiwa nia njema kabisa: anapaswa kueleza kila jambo la msingi analolijua, ambalo lingemfanya mwenye kampuni akubali, akatae, au apange ada tofauti. Jaji Mansfield wa Uingereza aliieleza kanuni hiyo katika shauri la Carter na Boehm mwaka 1766, wakati bima ilipokuwa zaidi ni habari ya merikebu na ngome za mbali, ambazo mwenye kampuni hakuwa na njia ya kuziona. Akificha mwombaji, mkataba waweza kuvunjwa na fidia isilipwe. Uingereza yenyewe baadaye iliona kwamba kanuni hiyo humwelemea mno mtu wa kawaida. Kwa sheria ya mwaka 2012, mtu binafsi anayekata bima kwa mahitaji yasiyo ya biashara anatakiwa tu kuwa na uangalifu wa kadiri asitoe maelezo ya uongo, na mojawapo ya mambo yanayotazamwa katika kuupima uangalifu wake ni kama swali la kampuni lilikuwa wazi. Yaani lugha ya fomu yenyewe imewekwa kwenye mizani. Kwetu pia ipo ile kanuni ya kale ya mahakama kwamba neno lenye maana mbili katika mkataba hufasiriwa dhidi ya aliyeliandika. Lakini ni nani wa Kigonsera atakayekwenda kuidai kanuni hiyo mahakamani kwa ajili ya pikipiki moja? Atalichukua jibu la kampuni na kurudi nyumbani, na deni la pikipiki likiwa lingali juu yake.

Wako watakaosema kwamba neno pana ni kinga kwa kampuni, na kwamba haiwezekani kuorodhesha kila kifaa. Hoja hii naiona ni dhaifu. Neno pana na neno lisilolenga ni vitu viwili. Wapo pia wanaopendelea kuchukua neno la Kiingereza lilivyo na kulitia irabu mwishoni. Mimi sina uadui na maneno ya mkopo. Spea, keria na shokapu ni ya mkopo, na hakuna anayeteseka kwa ajili yake, kwa sababu yamekuja pamoja na vitu vyenyewe na kila mtu aliviona. Lakini neno la mkopo lisilo na kitu cha kushikwa mkononi humwacha msomaji pale pale alipokuwa. Mageuzi nalo nililifikiria. Asili yake, geuza, yafaa kabisa. Bahati mbaya tangu miaka ya kurejea kwa vyama vingi, mwaka 1992, neno hilo limetekwa na siasa, na swali la kama pikipiki imefanyiwa mageuzi litaleta kicheko kabla ya kuleta jibu.

Kwa maoni yangu tatizo haliwezi kutatuliwa kwa kutafuta neno moja, kwa kuwa dhana zilizofungwa pamoja ni tatu. Ya kwanza ni ubadilishaji wa vipuri: kuondoa kilichochakaa na kuweka kingine cha aina, kipimo na nguvu ile ile. Hili ni jambo la kawaida la matunzo, na kampuni haina haja nalo. Ya pili ni nyongeza: kifaa ambacho hakikuwapo na sasa kipo, kama keria, gadi, taa za ziada. Nyongeza hugusa zaidi thamani ya chombo, ingawa keria iliyojazwa mzigo kupita kiasi hugusa usalama pia. Ya tatu ni ugeuzaji wa chombo: kubadili sehemu ya injini, ya mwendo, ya breki, ya magurudumu au ya fremu kwa kitu cha aina, kipimo au nguvu tofauti. Sproketi ya meno mengi ni ugeuzaji; shokapu za springi ngumu ni ugeuzaji; pistoni yenye kipimo kikubwa zaidi ni ugeuzaji, hata kama aliyeitia alikuwa na nia ya kuponya injini iliyolika. Maneno haya matatu hayahitaji kubuniwa. Yamo midomoni mwa mafundi, au karibu yake, na yatenganishayo ni vitenzi vinavyojulikana na kila mtu. Marekebisho yabaki kwa breki na kwa Bunge.

Nageukia neno la pili, ambalo ubaya wake ni wa namna nyingine: bandia. Nimeona likitumiwa kwa kipuri chochote ambacho hakikutoka kwa mtengenezaji wa pikipiki yenyewe. Matumizi haya yanawaonea watu. Bandia ni kitu kinachojifanya kuwa kingine: pakiti yenye nembo ya kampuni fulani ilhali kampuni hiyo haikukitengeneza. Huo ni udanganyifu, na nchi yetu ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi yake, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Lakini pedi za breki zilizotengenezwa na kiwanda kingine, kikaziuza kwa jina lake chenyewe, kwa pikipiki ya Boxer au ya TVS, hazijifanyi kitu chochote. Zaweza kuwa nzuri au mbaya, si bandia. Mtu akiandikiwa katika ripoti ya ukaguzi kwamba pikipiki yake ilikuwa na "vipuri bandia", ametiwa doa la jinai kwa kununua spea halali dukani Mbinga.

Upande wa pili wa bandia umewekwa asilia, nao haufai zaidi. Kwa msomaji wa kawaida asilia ni kinyume cha kilichoundwa na mwanadamu: dawa asilia, misitu ya asilia. Madukani husemwa orijino au jenyuini, na muuzaji mwerevu hulibandika neno hilo kwenye kila kitu kilichomo rafuni, kwa hiyo halibagui chochote. Napendekeza kipuri cha mtengenezaji kwa kile kinachotoka kwa aliyeunda chombo. Kipuri mbadala kwa kile cha kiwanda kingine kinachouzwa kwa jina la kiwanda hicho. Na kipuri bandia kwa kile chenye nembo ya wizi, basi. Mpango huu una faida moja ya kiutendaji. Kampuni itakapotaka kulipa matengenezo kwa bei ya kipuri mbadala badala ya kipuri cha mtengenezaji, italazimika kulitaja hilo kwa jina lake, na mkata bima atajua ni nini kilichopunguzwa.

Hapo tumeingia katika hesabu, na katika hesabu lipo neno ambalo laudhi zaidi ya yote: sharti la wastani. Mwanafunzi wa darasa la saba ajua wastani ni nini. Ni jumla iliyogawanywa kwa idadi. Sharti lenyewe halihusiani na jambo hilo hata kidogo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amenunua pikipiki iliyotumika kwa shilingi 1,500,000 na akaikatia bima kwa kiasi hicho. Baadaye akaifungia vifaa na kuitengeneza kwa shilingi 500,000, nayo bei yake sokoni ikawa 2,000,000, fomu hakuibadili. Akapata ajali, na gharama ya matengenezo ikawa 400,000. Katika mkataba wenye sharti hilo, kampuni itasema kwamba aliikatia bima robo tatu tu ya thamani, kwa hiyo itamlipa robo tatu tu ya hasara, yaani 300,000, na laki moja iliyobaki ni juu yake. Hakuna wastani hapo. Kuna uwiano kati ya kiasi kilichokatiwa bima na thamani halisi, na malipo hufuata uwiano huo. Sharti la uwiano lingemwambia mtu jambo lenyewe kwa maneno mawili. Ni ajabu kwamba wahasibu, ambao hujivunia usahihi, wamelivumilia neno jingine kwa muda wote huu.

Bima yenyewe, nikumbushe, ni neno la wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Wahindi na Waajemi wanalo, na limekaa kwetu kwa raha. Watu wakalizungushia maneno mengine: bima hukatwa, kama tiketi na leseni; kisha ikagawanywa kuwa bima kubwa na bima ndogo. Mgawanyo huu umeenea kila mahali na sioni kama Baraza litauondoa, wala sishauri lijaribu. Lakini lazima usemwe ukweli kwamba unapotosha. Mwenye bima ndogo hudhani amekata bima yenye malipo madogo. Siku pikipiki yake inapoungua huenda kuomba kidogo chake, akaambiwa hana chochote. Tofauti si ya ukubwa. Bima ndogo, ambayo ndiyo sheria inayomlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo barabarani, huwalinda wengine dhidi ya chombo chake. Bima kubwa humlinda na yeye pia. Jina lake la kitaalamu, bima ya mtu wa tatu, halina nafuu. Wa kwanza ni mkata bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni kila mtu mwingine. Lakini nani alimfahamisha hivyo mwendesha bodaboda? Kwake yeye mtu wa tatu juu ya pikipiki ni yule anayekaa nyuma ya abiria, yaani mishikaki, na huyo ni kosa la barabarani. Bima ya madhara kwa wengine ingetosha, ikiandikwa chini ya lile jina la mtaani.

Neno maslahi ya kibima nitalipita upesi. Maslahi kwa mfanyakazi ni mshahara na marupurupu. Kinachotakiwa kusemwa ni kwamba hupati fidia kwa kitu ambacho upotevu wake haukutii hasara; nalo latokea kila siku pale pikipiki iliyouzwa mara mbili ingali na kadi yenye jina la mwenyewe wa kwanza, na aliyeishika sasa hana ila karatasi ya mauziano. Haki ya kukatia bima ni maelezo marefu kidogo, ila yaeleweka.

Narudi kwenye swali la fomu, kwa kuwa uhakiki usiotoa badala ni kazi nusu. Ningependa Baraza, likishirikiana na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, liyafikirie maswali mawili badala ya lile moja. La kwanza: kuna kifaa chochote kilichofungwa kwenye pikipiki hii ambacho haikuwa nacho iliponunuliwa ikiwa mpya? Kitaje, na bei yake. La pili: kuna sehemu ya injini, mwendo, breki, magurudumu au fremu iliyobadilishwa kwa nyingine ya aina, kipimo au nguvu tofauti? Chini ya maswali yote mawili yaandikwe maneno "kadiri ujuavyo", kwa sababu mnunuzi wa pili hawezi kuapa kwa yaliyofanywa na wa kwanza. Fundi akiwa karibu, maswali haya yaweza kujibiwa kwa dakika tano chini ya mwembe ule ule.

Msomaji atauliza kwa nini nimesema "iliponunuliwa ikiwa mpya" wala sikusema "ilipotoka kiwandani", kama fomu nyingine zisemavyo. Pikipiki nyingi zinazouzwa nchini huletwa zikiwa vipande ndani ya maboksi na kuunganishwa hapa hapa, na si nadra muuzaji kuzifunga keria na gadi kabla mteja hajaziona. Kiwanda ni kipi basi: kile cha ng'ambo kilichotengeneza injini, au karakana ya Dar es Salaam iliyokaza nati? Kwa mtu wa Kigonsera pikipiki huanza siku ilipotolewa dukani, na risiti ya siku hiyo, kama ingalipo, ndiyo kipimo pekee ambacho yeye na kampuni wanaweza kukitazama pamoja.